Nzige wa Rukwa na Kuvu Yenye Amri

Wasomaji wetu wa Sumbawanga hawahitaji kuambiwa nzige ni nini. Chini ya Lyamba lya Mfipa, katika mbuga za Ziwa Rukwa, yako mazalio ya nzige wekundu yajulikanayo ulimwenguni. Baa lililoanza mwaka 1930 na kudumu hata 1944 lilienea sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Ikweta. Kwa ajili hiyo mwaka 1949 likafanywa shirika la pamoja la kuwapiga vita nzige hao, makao yake yakawa Abercorn, mji uitwao leo Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu. Qur'ani yataja nzige miongoni mwa ishara walizopelekewa watu wa Firauni, na aliyeona shamba la mahindi baada ya kundi kupita hahitaji tafsiri ndefu.

Leo twataka kusema juu ya dawa. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa sumu ya kemikali inyunyizwayo kwa ndege, nayo haichagui: huua nzige, huua na nyuki. Na nzige, ambaye kwetu ni halali pasipo kuchinjwa, akiisha kunyunyiziwa sumu hafai tena kutiwa kikaangoni. Mwaka 2009 nzige walipozidi katika mbuga za Iku na Katavi, ambazo wakati huo zilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, na katika bonde la ziwa, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyiza dawa nyingine, iitwayo Green Muscle. Dawa hiyo ni kuvu, wa jamaa ya ule ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Wataalamu waiita Metarhizium acridum. Mbegu zake huchanganywa na mafuta; zikimgusa nzige huota, hutoboa ngozi yake, huingia damuni na kumla kutoka ndani. Baa likazuiliwa.

Kasoro yake ni uvivu. Huchukua wiki 1 hata 3 kumwua nzige, na siku zote hizo mdudu aweza kuendelea kula. Hapo ndipo elimu ya jeni ilipoingia. Mwaka 2014 Weiguo Fang, Raymond St. Leger na wenzao walitangaza kwamba wameitia kuvu hiyo jeni za sumu za buibui na nge, sumu ziwadhuruzo wadudu. Mbili zilipotumiwa pamoja, chakula walicholiwa nacho wadudu hao maabarani kilipungua kwa asilimia 78.

Mama mmoja akisikia haya atauliza: je, kuvu yenye sumu ya nge imwagwe juu ya mboga zetu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha habari yetu. Jeni si sumu. Jeni ni maandishi. Mbele ya kila jeni kuna kipande kitoacho amri, kiitwacho promota, cha kusema lini maandishi yasomwe na lini yanyamaze. Jicho la mwanadamu lina jeni zile zile zilizomo katika ini, wala jicho halifanyi nyongo. Basi wataalamu hawakuchukua promota iamrishayo wakati wote. Walichukua ya kuvu yenyewe, ya jeni iitwayo Mcl1. Kuvu iingiapo katika damu ya mdudu hujivika vazi la kujificha, askari wa mwili wasiitambue, na jeni ya vazi hilo huanza kusomwa ndani ya dakika 20 tangu kuigusa damu. Jeni ya sumu ikafungwa nyuma ya amri hiyo hiyo. Juu ya jani, kuvu yabeba maandishi, haifanyi sumu. Na katika majaribio yao, wadudu wasio wa jamii ya nzige na panzi hawakuugua.

Sisi twaiona kazi hii kuwa njema. Hata hivyo kufuli ya maabara yataka kujaribiwa nje ya maabara, tena kwa hadhari. Mfano mzuri uko Burkina Faso. Katika kijiji cha Soumousso kuvu ya namna hiyo, yenye promota hiyo hiyo, ilijaribiwa juu ya mbu ndani ya jengo kubwa la wavu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Baada ya siku 45, palipokuwa hapana kuvu palikuwa na mbu 1,396. Penye kuvu ya asili, 455. Penye kuvu iliyotiwa sumu ya buibui, 13. Wavu haukufunguliwa.

Msomaji asichanganye mambo: iliyonyunyizwa Rukwa mwaka 2009 ilikuwa kuvu ya asili, isiyotiwa jeni yoyote. Ile nyingine haiwezi kuletwa bondeni pasipo idhini, kwa kanuni za usalama wa viumbe zilizotolewa Tanzania mwaka huo huo wa 2009 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Vijana wetu wasomao baiolojia wazitafute kanuni hizo, wawasomee wazee wao wenye mashamba kule chini kabla mtu hajafika kuomba ruhusa.