Nyama ya Maksai Yahitaji Muda, Si Moto

Mapishi ya nyama ya Stroganoff yamo katika toleo la mwaka 1871 la kitabu cha upishi cha Elena Molokhovets wa Urusi. Siku hizi wapishi wengi hutumia sarara, huikaanga dakika chache, kisha huitia krimu iliyochachuka. Anayetaka kuyapika kwa joto dogo huko Sumbawanga aiache sarara. Ina kolajeni kidogo, na ikikaa motoni saa nyingi hukauka tu.

Nyama ifaayo ni ile inayodharauliwa: shingo na muundi wa maksai aliyechoka kulima. Ugumu wake watokana na kolajeni, protini inayofunga nyuzi za msuli. Penye digrii 70 hadi 80 za Sentigredi, kolajeni hugeuka jelatini polepole, kwa saa kadhaa. Haidai mchemko.

Hata hivyo wengi huongeza kuni. Sumbawanga iko yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko yafikapo digrii 94 hivi. Sufuria ikishatokota, kuni za ziada hazipandishi joto la mchuzi, huongeza mvuke. Katika uwanda wa Ufipa, ambao sehemu kubwa yake ni nyasi, huo ni ubadhirifu usio na udhuru. Na nyasi hizo hizo zaweza kupika! Sufuria iliyochemka barabara, ikafunikwa na kuzamishwa katika kikapu kilichoshindiliwa nyasi kavu, huendelea kuiva bila moto. Chungu cha umeme cha kupikia polepole hufuata kanuni hiyo, ila chenyewe hufidia joto linalopotea.

Krimu ikikosekana, mtindi wafaa, lakini mafuta yake ni machache na protini zake hukatika upesi katika joto. Uchanganywe na unga kidogo wa ngano, utiwe mwishoni, baada ya sufuria kuepuliwa.

Shule zenye jiko la kuni zingefanya vema kujaribu kikapu hicho kabla ya kuagiza mzigo mwingine. Wanafunzi wapime joto kila saa. Likikaribia digrii 60 sufuria irudishwe motoni ichemke, maana chini ya hapo vijidudu huanza kuzaana. Maharage mekundu yana hatari yake: sharti yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kuingia kikapuni, kwa kuwa yana sumu ambayo joto dogo haliiondoi.