Asiyeweza Kusema Pamuumapo



Mtoto mchanga akiugua hulia, na mama hukipambanua kilio cha njaa na kilio cha tumbo. Paka akiugua hunyamaza. Hujikunyata chini ya kitanda, akapunguza kula, akaacha kujilamba manyoya, na watu wa nyumba wakasema kuwa leo paka kapoa. Matabibu wa wanyama hutwambia kwamba kunyamaza huko ni maumbile: mnyama mdogo, anayewinda na kuwindwa, hauonyeshi udhaifu wake. Ndiyo maana maradhi yake mara nyingi hujulikana yakiwa yamekwisha kuota mizizi. Maradhi ya figo, ambayo huwapata sana paka wazee, huanza kuonekana kwa macho wakati sehemu kubwa ya figo imekwisha kuharibika.

Katika miaka ya karibuni, wataalamu wa Marekani, Japani, Kanada na kwengineko wametafuta njia ya kukisikiliza kimya hicho. Wametengeneza kola yenye kihisio kidogo cha mwendo, cha namna ile ile iliyomo ndani ya simu zetu, ambacho huijulisha simu kuwa imelazwa ubavu ili nayo igeuze picha. Kihisio hicho huandika kila mtikisiko wa shingo ya mnyama, mara nyingi katika kila sekunde. Japani ipo kola iitwayo Catlog. Marekani zipo kola za PetPace, ambazo hupima pia joto la mwili, mapigo ya moyo na pumzi. Vipo na vibao vya kuwekwa chini ya sanduku la mchanga, vya kupima uzito wa paka na kuhesabu mara anazokwenda haja.

Lakini mtikisiko peke yake hausemi neno. Hapo ndipo inapoingia akili mnemba. Watu hukaa wakatazama video za wanyama waliovalishwa kola, wakaandika: hapa anakunywa, hapa anajikuna, hapa amelala. Kompyuta hupewa mifano hiyo kwa maelfu mpaka ikaweza yenyewe kuutambua mtikisiko wa kunywa na kuutenga na ule wa kujikuna. Kisha hujifunza mazoea ya mnyama mmoja, yaani huyu wako wewe. Paka akizidisha kunywa maji na kukojoa, huenda ni figo au kisukari. Akijikuna usiku kucha, huenda ni viroboto au mzio wa ngozi. Akiacha kurukia dirisha alilolizoea, huenda viungo vinamuuma. Mashine huyaona mageuko hayo na kupeleka ujumbe kwenye simu ya mwenyewe.

Jambo la pili ni uso. Mnamo 2019 watafiti wa Université de Montréal, nchini Kanada, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu ya paka kwa kuangalia vitu vitano: masikio yaliyotengana na kugeukia nje, macho yaliyofinywa, mdomo uliokazwa, masharubu yaliyonyooka, na kichwa kilichoinama chini ya mabega. Kila kimoja hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla ikifika 4 katika 10, paka anastahiki kufikiriwa dawa ya maumivu. Baadaye kompyuta nazo zikafunzwa kuusoma uso huo kutoka kwenye picha ya simu.

Je, mashine ina lipi la kumzidi mama mwenye nyumba? Inalo moja: mashine haizoei. Sisi tumwonao paka kila siku hatumwoni akikonda, kwani hukonda kidogo kidogo. Mgeni aliyemwona mwaka jana ndiye anayeshtuka. Lakini mama naye ana la kumzidi mashine: yeye anajua sababu. Mwezi wa Ramadhani nyumba yote hukesha, chakula hupikwa usiku, na paka hugeuza usiku kuwa mchana pamoja nasi. Mashine itaona kuwa mnyama hatulii usiku na italia kuwa pana hatari. Mama atajua kuwa pana daku. Kwa hivyo kifaa hiki si tabibu. Husema tu kwamba pamebadilika kitu. Ni ugonjwa gani, hilo ni la daktari wa mifugo na vipimo vyake.

Kwa nini tujishughulishe hivi kwa ajili ya paka? Kwa sababu tumeagizwa. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na Abu Dawud amepokea habari ya ngamia aliyemlilia Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamhadhirisha mwenye ngamia kuhusu njaa na kazi nyingi alizomtwisha. Ngamia yule alipata wa kumfahamu. Wanyama wetu hawana ila macho yetu, na mnyama tuliyemfanya atutegemee ni amana mikononi mwetu.

Hata hivyo, amana si lazima inunuliwe kwa bei kubwa. Kola hizo ni ghali, huagizwa kutoka ng'ambo, na nyingi hudai malipo ya kila mwezi. Mwenye uwezo, akiwa amekwisha kutimiza haki za watu wake, hana lawama. Ahakikishe tu kuwa ni kola inayofunguka yenyewe ikinaswa, paka asije akajinyonga juu ya mti. Lakini kuwa na kola bila ya nia ya kwenda kwa daktari ni kama kuisikia adhana ukajifunika shuka.

Na kuna jambo la stara. Baadhi ya vifaa hivi huwa na kamera, na picha zake huhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali. Nyumbani ndipo mwanamke anapovua mtandio wake. Usiweke jicho hilo chumbani wala uani, na usome masharti kabla ya kukubali. Kenya inayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini mlinzi wa kwanza wa mlango ni mwenye nyumba.

Asiye na kola naye anaweza kuitenda kazi ile ile kwa daftari na kalamu. Paka akiwa usingizini, hesabu pumzi zake kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Zikizidi 30 kwa dakika, na zikawa hivyo kila uhesabupo, mpeleke akapimwe. Mara moja kwa mwezi panda mizani ukiwa umempakata, kisha panda peke yako. Tofauti ndiyo uzito wake. Iandike. Akipitisha siku nzima hajala, usingoje ya pili na ya tatu, kwani kufunga kwa siku kadhaa huweza kumharibu ini, hasa akiwa mnene. Paka dume akichuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Akiachwa hufa katika muda mfupi. Wala usimpe Panadol kwa kumhurumia: dawa hiyo, hata kidonge kimoja, ni sumu kwa paka. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni yake pia, kwa usalama wake na wa watoto wanaocheza naye.

Kazi hii ya daftari wapeni watoto. Mtoto anayehesabu pumzi za paka kila Ijumaa hujifunza hesabu, na hujifunza kwamba asiye na ulimi ana haki. Ndugu zetu wa Lamu watayaelewa maneno haya kwa punda wao, ambao walifunguliwa zahanati yao huko tangu 1987. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa mnyama huanza kwa bakuli la maji linalokauka upesi kuliko desturi yake. Tazama bakuli la nyumbani kwako jioni hii, uandike ulichokiona.

Wabillahi tawfiiq.