Daftari la Baada ya Zamu

Mlima Nyiragongo umelipuka na kumwaga lava mara tatu katika umri wa mtu mmoja: mwaka 1977, tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021. Kati ya mlipuko wa pili na wa tatu ilipita miaka 19. Koplo aliyewapokea wakimbizi wa Goma hapa Gisenyi mwaka 2002 yawezekana alikwisha kustaafu mwaka 2021. Kama hakuandika aliyoyaona, alikwenda nayo nyumbani.

Mafunzo hayo si madogo. Mwaka 2002 lava iliukata mji wa Goma hadi ziwani, na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka mpaka. Baada ya siku chache wengi walikwisha kurudi. Mwaka 2021 lava ilisimama pembezoni mwa mji, na waliovuka usiku wakaanza kurudi asubuhi. Kisha matetemeko yakapasua nyumba za Rubavu yenyewe. Na tarehe 27 Mei, sehemu ya Goma ilipoamriwa kuhamwa, wimbi la pili likafika. Mwenye kuyalinganisha matukio haya ataona kwamba watu kurudi kwao si mwisho wa hatari, wala si mwisho wa kazi ya askari.

Hatuna budi, basi, kuifanya tafakari kuwa sehemu ya zamu. Jeshi la Marekani lilianza utaratibu wa namna hii katika miaka ya 1970, na maswali yake ni mepesi. Tulikusudia nini? Kilitokea nini hasa? Kwa nini ikawa hivyo? Safari ijayo tufanyeje? Robo saa yatosha. Wadogo waseme kwanza, maana mkubwa akitangulia, wengine huitikia tu. Itafutwe sababu, si mtu wa kulaumiwa; nidhamu ina baraza lake. Jibu la mwisho liandikwe, likabidhiwe mtu wa kulitekeleza, na zamu ijayo ianze kwa kulisoma.

Watakuwapo wa kusema kwamba askari amechoka, aachwe akapumzike. Ni kweli amechoka. Lakini wahenga walinena: kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na kosa la askari likirudiwa, mlipaji ni raia. Mwaka 2021 watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika mbio zile.

Mlima ungali hai. Zamu ya leo na iandike, ili zamu itakayoukuta mlipuko ujao isianze kujifunza upya.