Karani Naye Ana Macho

Hivi karibuni nilikwenda katika ofisi moja ya umma kufuatilia barua. Chumba cha mkurugenzi kilikuwa na madirisha mawili yanayotazama miti na bahari. Makarani sita walioiandaa barua ile walikuwa na dirisha moja, linalotazama ukuta wa jirani. Nikajiuliza: mandhari hii iligawanywa kwa kigezo gani?

Wapo watakaosema hiyo ni anasa. Sikubaliani nao. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja huko Pennsylvania. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Karani si mgonjwa, lakini naye hushinda kutwa mahali pamoja.

Wala mandhari si jambo lisilopimika. Kiwango cha Ulaya cha EN 17037 cha mwaka 2018 huuliza: aketiye mahali pake anaona mbingu, upeo wa mbali na ardhi? Uwazi wa dirisha una upana gani machoni pake? Kilicho mbele yake kiko umbali gani?

Sisi hukagua majengo ya umma kwa saruji, nondo na gharama. Hati za zabuni ziongezewe swali moja: karani ataona nini? Serikali inayohubiri usawa haina budi kuanzia pale alipoketi mtumishi wake wa chini.