Neno la Siri la Intaneti ya Nyumbani ni Amana

 

Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linaloweza kuleta maneno baina ya majirani hapa kwetu Lushoto: neno la siri la waifai ya nyumbani.

Nianze na yaliyonikuta. Nyumbani kwangu kuna ruta inayotumia laini ya simu. Naweka bando la mwezi. Watoto wanasomea, na mke wangu anaulizia bei ya karoti na kabichi kwa wateja wake wa Dar es Salaam. Mwezi mmoja bando liliisha kabla ya siku 12. Nikailaumu kampuni ya simu, kumbe kosa lilikuwa langu. Neno la siri lilikuwa lile lile lililobandikwa chini ya ruta tangu dukani. Mpwa wangu alilipiga picha akampa rafiki yake wa nyumba ya chini yetu, naye akawapa wenzake. Milimani kwetu nyumba zimepangana kama ngazi, na mawimbi ya ruta hayazuiwi na ua wa miti.

Usiku ule nikabadili neno la siri bila kumwambia mtu. Kijana wa jirani alikuwa katikati ya kazi aliyopewa na mwalimu wake. Baba yake akaona nimemfungia mwanawe kwa chuki, na baada ya sala ya Ijumaa akapita bila kunipa mkono. Niliumia sana. Nikamfuata nyumbani kwake, akaniambia, "Ndugu yangu, mimi niliambiwa umeruhusu." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni ruhusa na mazungumzo.

Kwa hiyo kwanza nasema na wenye nyumba: badilisheni neno la siri la dukani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliingia katika kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60. Vifaa vya watu wasio na habari vikatumika kuwashambulia wengine. Vijana watatu wa Marekani walioitengeneza walikiri makosa mahakamani mwaka 2017.

Kazi yenyewe si ngumu. Unganisha simu na ruta, fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Humo badili maneno mawili: la waifai, na lile la kuingilia kwenye mipangilio. Wengi husahau hili la pili. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na neno lenye herufi 12 au zaidi, lisiwe jina la mtoto wala namba ya simu. Vifaa vyote vitakatika mpaka viandikiwe neno jipya, basi waarifu watu wa nyumbani mapema.

Pili nasema na nyinyi wanafunzi. Msidhani kwamba kisichoonekana kwa macho hakina mwenyewe. Bando limenunuliwa kwa fedha. Sisi watu wa Usambara tunajua mfereji wa maji: kila shamba lina zamu yake, na anayefungulia usiku bila zamu amekula haki ya mwenzake, hata kama maji yanapita tu. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inatufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu, nami naona mtandao wa mtu ni sehemu ya nyumba yake. Hata serikali imelikataza jambo hili: kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila haki. Na aliyepewa neno la siri amepewa amana. Asimpe mwingine bila kuuliza.

Wapo watakaosema kufunga waifai ni uchoyo, na jirani ana haki. Ni kweli ana haki. Lakini haki ya jirani hutolewa kwa uso mkunjufu, haichukuliwi gizani. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni wenye neno lake la siri. Mpe huo kwa makubaliano. Mimi sasa kijana yule anakuja kusomea barazani kwangu Jumamosi na Jumapili, na baba yake tunapeana mkono.

Tubadili neno la siri, lakini tuanze kwa kusema na jirani. Wabillahi tawfiq.