Bado Natazama



Zimebaki siku chache tufike tarehe 20 Desemba 2023, na neno ninalolisikia kuliko yote baada ya Misa si jina la mgombea yeyote. Ni neno hili: «Bado natazama.» Nalisikia kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa mwalimu, kwa kiongozi wa kwaya. Linatamkwa kwa upole, kana kwamba msemaji ametuzidi sisi wengine kwa busara. Nimelivumilia tangu kampeni ilipofunguliwa tarehe 19 Novemba. Leo uvumilivu umeniishia.

Naomba nieleweke. Simlaumu mama wa sokoni asiyejua kusoma, anayemwuliza kila mteja habari za wagombea kwa sababu kweli anataka kujua. Huyo anatafuta, na atapata. Wala siwagusi ndugu zetu wa Masisi, Rutshuru na Kwamouth, ambao kukosekana kwa usalama kumewanyima nafasi ya kuchagua. Nasema juu ya yule aliyesoma, mwenye redio na simu, mwenye kadi mfukoni, ambaye kutoamua kumekuwa makao yake.

Anayesema anatazama, tumwulize ametazama nini. Je, amewahi kuuliza kama mbunge wetu alirudi hata mara moja kuwatembelea waliomtuma Kinshasa? Amesoma ahadi za mgombea mmoja tu, akazilinganisha na kazi aliyoifanya mtu huyo alipokuwa na madaraka? Mara nyingi jibu ni hapana. Namfahamu mmoja mwenye tisheti za wagombea wanne. Anazivaa kwa zamu, na inayoamua chama chake ni siku ya kufua. Huyo naye anatuambia kwamba anatazama.

Na kadi hiyo, aliitafutia nini? Sote tulipanga foleni tangu alfajiri, wengine siku mbili, siku tatu. Kwa kuwa nchi yetu haijatugawia kitambulisho cha uraia, kadi ya mchaguzi ndiyo inayotupitisha kwenye vizuizi vya barabarani na kutufungulia mlango wa benki. Naogopa kwamba wengi wetu tuliitafuta kwa ajili hiyo tu. Tuliandikishwa kuwa wachaguzi, tukarudi nyumbani tukiwa wasafiri wenye karatasi halali.

Sasa tuhesabu kidogo, maana hapa ndipo asiyeamua anapodanganyika zaidi. Katiba ya mwaka 2006 ilitaka rais apate zaidi ya nusu ya kura, ikibidi kwa duru ya pili. Mwaka 2011 kifungu hicho kilibadilishwa. Siku hizi duru ni moja, na anayetangulia hata kwa kura moja ameshinda. Zamani uliweza kusema: nitangoje wabaki wawili ndipo nichague. Leo hakuna wa kubaki. Mwaka 2018, kwa hesabu rasmi, mshindi alipata kura zinazokaribia asilimia 39, na aliyemfuata alikuwa nyuma yake kwa kura zisizofika 700,000. Walioandikishwa wasiopiga kura walizidi milioni 20. Fikirini hesabu hiyo: aliyetangazwa rais wa Wakongomani wote alichaguliwa na mtu pungufu ya 1 kati ya 5 walioandikishwa. Na mteremko huu haukuanza juzi. Mwaka 2006, katika duru ya kwanza, walijitokeza kama 7 kati ya 10. Mwaka 2011 walikuwa karibu asilimia 59. Mwaka 2018 hawakufika hata nusu.

«Lakini kura zinaibwa,» ananijibu. Hapa sitamcheka, kwa kuwa maumivu yake ni ya kweli. Baada ya uchaguzi wa 2018, Maaskofu wetu, waliokuwa wametuma waangalizi wapatao 40,000, walitamka wazi kwamba matokeo yaliyotangazwa na CENI hayakulingana na hesabu walizozikusanya vituoni. Tamko lile halikubadilisha rais. Ila najiuliza: waangalizi wale walihesabu nini? Walihesabu kura za watu waliokuwa wameamua. Mwizi hupata taabu penye kura nyingi na mashahidi wengi. Kituo kitupu kinampunguzia kazi, maana hahitaji kufuta jina la mtu, anajaza tu. Anayebaki nyumbani kwa kuogopa wizi amemwachia mwizi mlango wazi.

Jibu lingine linaniudhi zaidi, kwa sababu linatumia jina la Kanisa. «Padri hakututajia mgombea, basi na mimi sina upande.» Ndugu yangu, padri hakutaja kwa sababu kutaja si kazi yake! Sheria ya Kanisa inamzuia kushika madaraka ya serikali au kuongoza chama. Anakaa kando ili altare iwe ya wote. Mlei hana ruhusa hiyo ya kukaa kando. Paroko aliponyamaza juu ya jina, alikukabidhi wewe kazi ya kulitafuta. Wewe ukaugeuza unyamavu wake kuwa mto wa kulalia. Watu wa Israeli nao, Eliya alipowauliza pale Karmeli, walikaa kimya. Sioni kwamba Maandiko yanawasifu kwa kimya kile.

Tena tarehe 20 hatumchagui rais peke yake. Tunachagua wabunge wa taifa na wa majimbo, na katika miji mikuu ya majimbo washauri wa komine. Wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana na maseneta. Wasioamua wanabishana mchana kutwa juu ya wagombea 26 wa urais, na juu ya mbunge wa jimbo hawana hata swali moja. Halafu barabara ikioza wanamlaani gavana.

Walei Wakristo walioandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 ili Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, walipigwa risasi, na wengi hawakurudi nyumbani. Desemba 2017 na miezi ya mwanzo ya 2018, waumini walitoka tena makanisani na rozari mikononi wakidai uchaguzi uliokuwa umecheleweshwa, na tena damu ikamwagika. Mwisho wa 2018, uchaguzi wa Beni na Butembo uliposogezwa hadi Machi kwa sababu zilizotajwa kuwa ni Ebola na ukosefu wa usalama, watu wa Beni walitengeneza vituo vyao wenyewe, wakapanga foleni, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Wewe kura yako ina kituo, ina mashine, ina jina lako ukutani.

Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, orodha ya wagombea wa eneo letu itakuwa juu ya meza katika ukumbi wa parokia, pamoja na ahadi zao kwa wale waliokubali kuziandika. Ni ndefu, itatuchukua saa nyingi. Yule wa tisheti nne nimemwekea kiti karibu nami. Nataka anieleze, jina baada ya jina, ni jambo gani ambalo bado hajaliona.