Kabla ya kuvunja ukuta, bwana afya aione ramani

Kiangazi ndicho kipindi cha ujenzi Tabora. Kabla ya mvua za Novemba, mitaa kama Isevya na Ng'ambo hujaa marundo ya mchanga na matofali mbele ya nyumba. Wengi hawajengi nyumba mpya. Watoto wamekua, vyumba viwili havitoshi, choo kinatakiwa ndani. Fundi anaitwa, Jumatatu kazi inaanza.

Kibali? Familia nyingi hudhani hayo ni mambo ya wenye maghorofa, hasa tangu lile jengo la Kariakoo liporomoke Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Sivyo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka uendelezaji wa ardhi mjini upate idhini, na kuongeza chumba au kugeuza sebule kuwa fremu ya duka ni uendelezaji. Kupaka rangi au kubadilisha kioo kilichovunjika, hakuna atakayekusumbua.

Kinachosahaulika ni kwamba ramani ikifika halmashauri haiishii kwa mhandisi na ofisa mipango miji. Hupita pia kwa ofisa afya, yule ambaye wazee bado humwita bwana afya. Kwa mzazi, huenda huyo ndiye wa maana kuliko wote.

Chukua choo cha ndani. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, lakini visima vya uani bado vipo. Miongozo ya kimataifa inataka shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kiwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Kwenye kiwanja kidogo hesabu hiyo hugoma, na kisima cha jirani nacho kinahesabiwa. Fundi hapimi kwa jirani. Matokeo yake huonekana masika, mtoto anapoanza kuharisha na mama akidhani ni meno.

Au dirisha. Chumba kipya kikibandikwa nyuma ya nyumba, mara nyingi huziba dirisha la chumba cha zamani. Humo wanalala watoto wanne, na usiku wa baridi wa Juni na Julai kuna wanaoingiza jiko la mkaa ndani. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Chumba hichohicho kikiwa na mgonjwa mmoja wa kifua kikuu, wenzake huambukizwa kwa urahisi. Kwenye ramani, kosa hilo linarekebishwa kwa penseli.

Nyumba za matofali mabichi zina lao. Waliojenga kwenye njia ya misafara waliujua udongo. Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872 na ambalo limejengwa upya, lina kuta nene za kubeba paa. Nyumba ya kawaida ya mjini haina unene huo. Kutoboa ukuta wake upate mlango mpana bila linta ni kuwalaza watoto chini ya hatari. (Anayemiliki jengo la kihistoria aulize pia Mambo ya Kale, maana yapo yanayolindwa na sheria ya mwaka 1964.)

Maombi hufanywa kwa mfumo wa TAUSI, yakiwa na michoro na uthibitisho wa umiliki, na ada hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, si mkononi mwa mtu. Asiye na hati aanzie kwa mtendaji wa mtaa, aulize kuhusu urasimishaji. Ni kweli, ada na malipo ya mchoraji huuma kwa familia inayojenga kidogo kidogo. Lakini alama nyekundu ya X ukutani nayo huuma, tena wakati saruji imeshanunuliwa.

Kwa anayepanga choo mwaka huu, bwana afya aombwe kufika kiwanjani mapema, shimo likiwa bado ni alama ya kamba na vigingi.